Muulize Fundi Mtandao: "Naandika kila siku, mbona Google hainioni?"

Mwezi huu barua za blogu zimezipita zile za simu zilizotumbukia kwenye ndoo. Nadhani ni msimu. Korosho zikianza kuanguka, kila mwenye simu janja Mtwara na Lindi anakuwa mwandishi, na kila mwandishi anataka aonekane Google. Majina nimeyaondoa na salamu nimezifupisha (kuna mmoja wa Tandahimba kasalimia hadi mafundi wa mtambo wa uchapaji, nao wamezipokea). Mwenye haraka anikute dukani, Mtwara mjini, asubuhi kabla wanafunzi hawajaja kuchapisha.

Shikamoo Dada Fundi. Mimi ni kijana wa Kitangari, Newala. Nina blogu ya bei za korosho. Mnada ukiisha napata karatasi ya matokeo, naipiga picha, naiweka kwenye blogu na kichwa cha kuvutia, mfano "HABARI NJEMA KWA WAKULIMA WETU!!!" Kwenye magrupu ya WhatsApp nasomwa sana, ila kutoka Google haji mtu. Rafiki yangu anasema Google haipendi Kiswahili. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Si kweli, na huyo rafiki yako amekupa kisingizio kizuri cha kulala. Kwa mambo ya korosho Kiswahili ndicho kinakupa nafasi, maana kurasa za Kiswahili zilizoandikwa vizuri kuhusu minada yetu ni chache, na wanaozitafuta ni wengi.

Blogu yako nimeifungua. Nimekuta karatasi iliyopigwa picha juu ya tanki la pikipiki, kidole gumba kimefunika safu ya mwisho ya bei, na chini yake maneno matatu: "Wakulima kazi kwenu." Basi. Google ina uwezo wa kusoma baadhi ya maandishi yaliyo ndani ya picha, lakini karatasi imelala upande, ina kivuli, na ina dole lako. Ilichoelewa kwenye ukurasa huo ni kwamba kuna habari, ni njema, na kuna wakulima. Mkulima aliyeko Mahuta anaandika kwenye simu yake "bei ya korosho tanecu leo" (TANECU ndicho chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala). Katika maneno yake yote hayo, wewe hukuandika hata moja. Google ingekuleta kwake kwa kigezo gani?

Kwa hiyo kaa chini uandike. Weka jedwali dogo: tarehe ya mnada, chama kikuu, ghala, daraja, kilo zilizouzwa, bei ya juu na bei ya chini. Andika kwa herufi na tarakimu za kawaida, zile ambazo mtu anaweza kuzibonyeza akazinakili. Picha ya karatasi iweke chini kama ushahidi, lakini iwe imenyooka na dole limetoka.

Kichwa nacho kibadilishe. "Bei ya korosho TANECU, mnada wa tatu, msimu wa 2025/2026." Najua utaniambia hakina mvuto. Anayetafuta bei havutwi na mbwembwe, anavutwa na bei. Maneno mazito yatangulie, kwa sababu kwenye matokeo ya Google kichwa hukatwa kikizidi urefu fulani, kiasi cha herufi 60 hivi, na ukianza na "Ndugu zangu wakulima wa Kusini" yatakayokatwa ni yale yenye maana. Herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho na alama tatu za mshangao hazikuongezei kitu.

Msimu na tarehe usivisahau hata siku moja. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Habari za wakati ule ziliandikwa na blogu nyingi kwa vichwa kama "Bei mpya ya korosho yatangazwa", bila mwaka. Nimeshuhudia wazee wawili kwenye benchi la duka langu wakikorofishana juu ya ukurasa wa namna hiyo, mmoja akiapa kwamba ndiyo bei ya wiki hii.

Jambo lingine. Una kurasa chungu nzima zenye kichwa kilekile cha "Habari njema". Zinagombania wateja zenyewe kwa zenyewe, na Google haijui imlete msomaji kwenye upi. Tengeneza ukurasa mmoja wa kudumu kwa kila chama kikuu, yaani TANECU mmoja, MAMCU mmoja, RUNALI mmoja na Lindi Mwambao mmoja, wenye anwani fupi isiyobadilika. Kila mnada ukiisha ongeza matokeo mapya juu, ya zamani yashuke. Ukurasa huo watu watauhifadhi, watautumiana, na wewe hutaanza sifuri kila wiki. Ukitaka kuandika habari ya mnada mmoja mmoja, andika, ila weka kiungo cha kurudi kwenye ukurasa mkuu.

Sasa nije kwenye utajiri wako wa kweli. Bei ya mnada siyo inayoingia kwenye akaunti ya mkulima. Kuna makato ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafiri. Gazeti litaandika bei ya juu na kuishia hapo. Wewe uko Kitangari, unaweza kwenda kwa katibu wa AMCOS, yaani chama chenu cha msingi, ukamuuliza makato ya msimu huu ni yapi, ukayaandika moja baada ya jingine, kisha ukaonyesha kilo 100 za daraja la kwanza zinamwachia mkulima shilingi ngapi mkononi. Sijui ukurasa mwingine wa kushindana na huo.

Mwisho, jiunge na Google Search Console. Ni bure. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika mpaka ukurasa wako ukatokea, ulitokea nafasi ya ngapi, na wangapi walibonyeza. Inatunza takwimu za miezi 16, ambayo kwako ni bahati: Oktoba ya mwaka huu utaweza kuilinganisha na Oktoba iliyopita. Kulinganisha Oktoba na Machi kwa mtu wa korosho ni kujitafutia presha bure.

Dada Fundi, hujambo? Mimi ni mama wa Mikindani, naandika mapishi ya kwetu: pweza wa nazi, ming'oko (mizizi ya porini ya kuchemsha), samaki wa kukausha. Nililipia mafunzo ya mtandaoni nikaambiwa kila posti iwe na maneno 2,000 ndipo Google inakupandisha. Naandika hadi vidole vinauma na bado wasomaji hawafiki ishirini kwa siku.

Sijambo mama mwenzangu, pole na vidole. Aliyekufundisha hilo angekurudishia hela. Google wenyewe wamesema mara kadhaa kwamba hawana idadi ya maneno wanayoitaka. Swali la mtu likijibiwa kwa maneno 300, 300 yanatosha.

Nimesoma posti yako ya ming'oko. Nimeanza na utoto wako, nikapita kwa bibi yako, nikapita kwenye barabara ya zamani ya Mikindani, nikafika kwenye umuhimu wa vyakula vya asili kwa taifa, na sufuria bado halijabandikwa. Ninavyojua mimi anayetafuta ming'oko ni wa aina mbili. Kuna mgeni aliyehamishiwa kazi Mtwara, ameiona inauzwa barabarani, anataka kujua ni nini na inaliwaje. Na kuna mtoto wa Kusini aliyeko Dar, ametumiwa fungu kutoka nyumbani na hajui pa kuanzia. Wa kwanza mjibu kwenye aya ya kwanza. Wa pili mpe hatua: kuosha mchanga, maji kiasi gani, moto wa namna gani, utajuaje imeiva. Bibi aje baadaye, na aje kwa ufupi, maana kusema kweli sehemu ya bibi ni tamu.

Kichwa ulichokiweka ni "Tunda la Ardhi ya Kusini". Nilidhani ni shairi. Andika "Ming'oko: jinsi ya kuosha na kuchemsha", na ubaki na ushairi ndani.

Lakini lililonishtua zaidi ni picha. Umepakia picha tisa kama zilivyotoka kwenye simu, na moja ya pweza peke yake ina megabaiti sita. Nimefungua kwa bando la siku nikiwa dukani, ukurasa ukawa mweupe muda wa kutosha kumhudumia mteja wa fotokopi. Google ina kipimo chake: kitu kikubwa kinachoonekana kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Na hata kama Google isingepima, mtu wa Nanyumbu hatasubiri. Kabla ya kupakia, punguza upana wa picha ufike pikseli 1,200 hivi, na uzito ushuke chini ya kilobaiti 200. Programu za bure za kupunguza zipo kwenye simu, na kwa macho hutaona tofauti. Jina la faili libadilishe kutoka IMG na tarakimu zake liwe "pweza-wa-nazi". Halafu kuna kisanduku cha maelezo ya picha, wengi wanakiruka. Andika mle kinachoonekana: "pweza aliyekatwa vipande kwenye tui zito." Maelezo hayo husomwa kwa sauti na simu za wasioona, na yanaisaidia Google kujua picha ni ya nini.

Lile dirisha la tangazo linalofunika mapishi yote mtu akifungua tu, liondoe. Tangu Januari 2017 Google imekuwa ikizishusha kurasa za simu zenye tabia hiyo, na mimi nimekuwa nikizifunga muda mrefu kabla ya hapo.

Binti yangu, mimi ni mzee ninayeongoza wageni Kilwa Masoko. Mjukuu amenifungulia blogu. Tumechukua historia ya Kilwa Kisiwani ya Kiingereza kutoka mtandaoni, tukaweka na picha zetu. Sasa kuna kijana kanipigia, anasema nimpe shilingi 80,000 ataniwekea viungo 1,000 kutoka tovuti za nje na nitakuwa namba moja ndani ya wiki. Nimpe?

Shikamoo mzee wangu. Usimpe.

Nikueleze anachokiuza. Google ilipoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoitofautisha na wenzake ni kwamba ilihesabu viungo. Tovuti moja ikiweka kiungo cha kwenda kwa nyingine, ilichukuliwa kama imeipigia kura, na kura ya tovuti kubwa ilikuwa na uzito zaidi. Watu hawakukawia kuanza kuuza kura. Google nao wakaanza kuwasaka, na Aprili 2012 walitoa badiliko lililoitwa Penguin ambalo lilizishusha tovuti nyingi zilizojijaza viungo vya kununua. Leo viungo vya aina hiyo kwa kawaida hupuuzwa tu, yaani 80,000 yako imekwenda na maji. Ikionekana ni mchezo wa makusudi, tovuti yenyewe inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo.

Na hiyo "namba moja" atakuonyesha kweli, mzee. Ataandika jina kamili la blogu yako kwenye Google, utaona uko juu, utafurahi. Kwa jina lako mwenyewe kila mtu yuko juu. Mwambie aandike maneno ambayo mgeni angeandika, asiyekujua, aliyeko Ujerumani akipanga safari.

Viungo vinavyosaidia ni vya watu wanaokujua. Nyumba za wageni za hapo Masoko unazopelekea wateja, zile zenye tovuti, waombe wakutaje kwenye ukurasa wao wa matembezi. Viwili vya namna hiyo navithamini kuliko 1,000 vya huyo kijana.

Nirudi kwenye historia mliyoinakili. Kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kwamba Husuni Kubwa ni kasri, kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na kutolewa 2014: hayo yote yameandikwa kila mahali, na UNESCO wenyewe wameyaandika. Watu wengi wanaogopa kwamba Google inatoza adhabu kwa maneno yaliyonakiliwa. Kwa kawaida haifanyi hivyo. Inapokuta kurasa kumi zinazofanana inachagua mmoja wa kuonyesha, na katika hizo kumi, wa kwako hautachaguliwa. Achilia mbali kwamba maandishi yale ni jasho la mtu.

Wewe mzee una mambo ambayo UNESCO hawana. Mgeni anapata wapi kibali, na ofisi inafunguliwa saa ngapi? Boti ya injini na jahazi bei zinatofautianaje, na inalipwa kwa kichwa au kwa chombo? Siku za bamvua maji yakitoka, mgeni anashukia wapi, na avae viatu gani? Songo Mnara na Kisiwani vinawezekana siku moja au ni kujichosha? Mwezi gani masika yanaharibu safari? Kutoka Dar ni takriban kilomita 300, basi linafika saa ngapi kwa uhalisia, si kwa tiketi? Kaa na mjukuu, wewe useme, yeye aandike. Kiingereza kiwe ukurasa wake na Kiswahili kiwe ukurasa wake. Mlivyochanganya lugha mbili aya kwa aya, Mjerumani anachoka, mwalimu wa Nangurukuru anayetaka kuleta wanafunzi naye anachoka, na Google haijui imwonyeshe nani.

Habari za kazi Dada. Ni mwalimu wa sekondari, Masasi. Kwa miaka mingi nilikuwa na blogu ya nukuu za masomo na mitihani ya majaribio kwenye Blogspot, wanafunzi walikuja wengi. Mwezi wa tatu nimelipa fundi akanihamishia WordPress kwa anwani yangu ya .co.tz. Imependeza mno, ila kwenye Google nimetoweka kabisa. Nimefanyiwa hujuma?

Salama Mwalimu. Hujuma sidhani. Fungua Google, andika *site:* ikifuatiwa na anwani yako mpya, bila kuacha nafasi. Kama haitoki hata kurasa moja, ingia WordPress kwenye mipangilio, sehemu inayohusu usomaji, shuka chini kabisa. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye kumbukumbu zao. Nakuhakikishia kwa asilimia tisini kina tiki. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi ili tovuti isionekane ikiwa nusu, na ni jambo sahihi. Kasoro ni kwamba fundi wako alilipwa akaondoka bila kukitoa. Hii ninaikuta mara nyingi kuliko makosa mengine yote ya kuhama, na inauma kwa sababu blogu kwa macho ya mwenyewe inafunguka vizuri, hakuna onyo lolote.

Toa tiki, hifadhi. Kisha kwenye Search Console weka ramani ya tovuti (sitemap, yaani orodha ya kurasa zako), na kurasa zako tano sita muhimu ziombee zipitiwe moja moja. Usitegemee kesho yake asubuhi. Inaweza kuchukua siku kadhaa, inaweza kuchukua wiki.

La pili ni anwani za zamani. Blogspot huziandika kwa mwaka, mwezi, kisha jina linaloishia na *.html*. WordPress yako fundi ameiweka kwa jina tupu. Maana yake viungo vyote ambavyo walimu wenzako waliviweka kwenye blogu zao, na vilivyotumwa kwenye magrupu ya wazazi, bado vinaelekea kwenye nyumba ya zamani. WordPress inaruhusu upange anwani zifuate muundo uleule wa Blogspot, mwaka kwa mwaka na mwezi kwa mwezi, hadi *.html* mwishoni. Ukifanya hivyo mapema, anwani mpya itatofautiana na ya zamani kwa jina la tovuti tu, na kuelekeza kunakuwa rahisi.

Blogu ya zamani usiifute kwa hasira. Usiiache pia ilivyo, kwa sababu sasa una nakala mbili za kila kitu na Google itaendelea kuipenda ile iliyoizoea. Chukua posti zinazosomwa zaidi, hasa za Kidato cha Nne, uzipunguze zibaki mistari miwili mitatu, na chini yake kiungo cha kwenda kwenye ukurasa mpya wa somo hilohilo. Usimpeleke mwanafunzi kwenye ukurasa wa mwanzo aanze kutafuta upya, atarudi alikotoka.

Na fundi umpigie. Kazi hii ilikuwa ndani ya malipo yake.

Sista Fundi mambo vipi. Niko Lindi mjini, Mtanda. Natumia akili mnemba, natoa posti 30 kwa siku: ufuta, Namungo, mastaa, afya, mahusiano. Wiki za mwanzo wageni walikuja, sasa grafu imelala kabisa. Nibadilishe themu?

Poa mdogo wangu. Themu haina kosa.

Februari 2023 Google walisema hawajali sana nani au nini kimeandika, wanajali kama kina faida kwa msomaji. Machi 2024 wakaweka sera dhidi ya kuzalisha kurasa kwa wingi ili tu kupanda kwenye matokeo, iwe kwa mtambo au kwa mkono. Posti 30 kwa siku za mtu mmoja, kutoka ufuta hadi mapenzi, ndizo hizo zilizokusudiwa.

Nimesoma moja yako tu, ya ufuta. Inasema wakulima wa Lindi huvuna Desemba. Wewe ni mtoto wa Lindi! Desemba shamba halijapandwa hata mbegu. Ufuta unavunwa kuanzia kama Mei, na kufika Juni na Julai maghala ndiyo yanajaa. Hukuisoma kabla ya kuiweka, sasa unataka nani aisome?

Zile za dawa za presha na sukari ziondoe leo, kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu. Kwa mambo ya afya na fedha Google huwa kali zaidi, na mimi niko upande wao. Za mastaa zifute kwa wakati wako. Chagua kimoja. Ningekuwa wewe ningechukua Namungo: kaa na mashabiki, nenda Ruangwa siku ya mechi, andika posti moja kwa wiki yenye vitu ulivyoviona mwenyewe. Akili mnemba ikusaidie kusahihisha herufi.

Msomaji wa Mangaka anauliza: *Kwenye blogu yangu kuna kisanduku cha maneno muhimu. Nimejaza maneno 40, pamoja na "Mtwara" mara sita. Niongeze?*

Hapana. Septemba 2009 Google walitangaza kwamba hawakitumii kabisa kisanduku hicho kupanga matokeo. Muda huo utumie kwenye kisanduku cha maelezo ya ukurasa. Nacho hakikupandishi, ila mara nyingi maneno yake ndiyo yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo, na mtu huyasoma kabla ya kuamua abonyeze au apite. Sentensi mbili zinazosema ukweli wa kilichomo zinatosha. Na "Mtwara" mara sita ndani ya aya moja, kama ulivyofanya kwenye posti zako, inachosha hata sisi wa Mtwara.

Na wa Nachingwea: *Search Console inaniambia kurasa zangu za Blogspot zenye "?m=1" hazijaingizwa kwenye kumbukumbu. Nimeona video ya "code" ya kuiondoa. Niiweke?*

Usiiweke, na kama umeshaiweka, itoe. Blogspot humwongezea anayetumia simu hiyo ?m=1 mwisho wa anwani, na ukurasa huohuo unajitambulisha kwa Google kwamba anwani yake kuu ni ile isiyo na mkia. Ripoti inaposema ni nakala yenye anwani kuu sahihi, inakupa taarifa, haikulaumu. Angalia kama ile isiyo na mkia imo. Ikiwa imo, umemaliza. Zile nyingine zenye */search* ndani yake, zinazotokana na lebo zako, zimezuiwa na Blogspot yenyewe tangu siku ulipofungua blogu, nazo ziache zilivyo.